Tanzia za Droo ya Chini

Daktari Yonkova alichora nyumba kwenye kipande cha karatasi, kisha akachora kizingiti mbele yake.

"Nyumba hii ni jeni," alisema. "Kazi yake ni kurekebisha makosa mwili unapojijenga upya. Hapa kizingitini tunapaita promota. Mwili husimama hapa kwanza, ndipo uingie kuisoma. Umri ukienda, kizingiti huweza kuzibwa. Jeni inalala, saratani inapata mwanya. Ikiwa hivyo, ugonjwa kwa kawaida ni wa mama yako peke yake."

"Na cha mama kimezibwa?" Ralitsa aliuliza. Mapajani mwake Kalina, mwanawe wa miezi saba, alikuwa akitafuna kamba ya mkoba.

"Tumepima ile nyama iliyokatwa alipopasuliwa. Hakikuzibwa. Kizingiti kiko wazi, lakini ndani kimya. Basi huenda jeni yenyewe ni mbovu tangu kuzaliwa. Kama ndivyo, wewe una nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na wewe tena..." Alimtazama mtoto. "Nataka damu ya mama yako, na saini yake. Upande wake kuna aliyekufa kijana?"

"Kwa saratani hakuna, daktari. Bibi yangu alikufa kwa huzuni."

"Huzuni haina nafasi kwenye fomu yangu, binti."

Ndani ya basi la kurudi mjini kwao Vratsa, lililomsumbua Ralitsa ni ile saini. Kwa miezi miwili ukoo mzima ulikuwa umemwambia mama yake, Nedyalka, kwamba ana kidonda cha utumbo, basi. Mgonjwa haambiwi, asije akakata tamaa. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofanya. Hata jirani, Bi Tsonka, alikuwa amelishwa kiapo.

Alimkuta mama yake uani akichoma pilipili hoho za kuwekwa akiba ya majira ya baridi, mabega yamebaki mifupa chini ya sweta.

"Ingia upumzike, Mama."

"Nikipumzika, baridi ikija mtakula theluji?"

"Kuna karatasi ya kutia saini. Ya... ya kidonda."

Nedyalka akacheka mpaka akajishika tumbo. "Kidonda gani hicho kinachomliza Tsonka kila akiniletea mtindi? Yule hawezi kudanganya hata kuku."

Hapo Ralitsa akamweleza yote, kizingiti na nyumba, maneno yakimtoka huku yakigongana. Mama yake akafuta mikono, akaingia ndani, akavuta droo ya chini ya kabati. Zilikuwamo tanzia, zile karatasi za picha zinazobandikwa mlangoni mtu akifa na kubandikwa tena mwaka ukitimia.

Bibi, miaka thelathini na tisa. Mjomba Gencho, arobaini na mitatu. Mama mkubwa Stanka, arobaini na saba. Na chini ya kila picha, maneno yale yale: *baada ya kuugua kwa muda mfupi.*

"Ulijua," Ralitsa alisema.

"Mama yangu nilimwogesha kwa mikono hii."

"Na hukuniambia!"

"Nani angekuoa, mwanangu? Katika mji huu? Wangesema ukoo ule una mdudu."

"Nina mtoto, Mama!"

Kalina alikuwa ametambaa hadi kwenye droo, ameshaitia mdomoni pembe ya karatasi mojawapo. Nedyalka akainama kwa taabu, akaitoa taratibu. "Hii si ya kula, bibi we." Halafu akasema, "Lete kalamu."

Majibu yalitoka Novemba. Jeni ya Nedyalka ilikuwa mbovu. Ya Ralitsa pia.

"Lakini wewe tumekuwahi," Daktari Yonkova alisema. "Kila mwaka tutakutazama utumbo kwa kamera. Kinachoota tutakikata kingali kidogo. Mtoto akishakuwa mtu mzima, atachagua mwenyewe kupimwa."

Nedyalka alifariki Machi, theluji ikiyeyuka. Tanzia yake alikuwa ameiandika kwa mkono wake. Ralitsa aliibandika mlangoni, kisha kwenye nguzo zote hadi sokoni: *Miaka hamsini na tisa. Saratani ya utumbo, ya kurithi. Enyi wa damu yangu, kapimweni.*

"Aibu gani hii!" Bi Tsonka alilia. "Ing'oe, mwanangu, watu wanasoma!"

"Yeye mwenyewe alitaka isomwe, Bi Tsonka."

Siku mbili hakuna aliyebisha hodi. Ndugu waliokuja mazikoni waliishia kanisani, wakaondoka bila kufika nyumbani. Siku ya tatu alikuja Boyko, mtoto wa mjomba Gencho, mwanamume wa miaka thelathini na sita, kofia mkononi. Hakutoa pole. Alikuwa akiitazama ile karatasi.

"Huyo daktari wako," alisema, "anapatikana siku gani?"

Ralitsa alisogea kando pale kizingitini, akampisha aingie.