Bandari ya Boke

Mogesi alisimama mbele ya rika lake akasema mama yake atapanda meli ya bahari, na atapandia Mombasa. Huku Nyamwaga neno lililosemwa mbele ya rika si la mtu mmoja tena. Wale mliotahiriwa nao mwaka mmoja wana haki ya kukutukana mpaka kaburini, na ukitamka jambo ukashindwa kulitimiza, watakutukana hata kwenye mazishi yako.

Chanzo cha yote kilikuwa kalenda. Ilitundikwa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, Boke, tangu Mogesi akiwa kijana. Karatasi za miezi zilikwisha kuchanika, moshi ukala pembe zote, ikabaki picha tu: meli nyeupe yenye madirisha kama ghorofa, imekaa juu ya maji. Boke aliachwa mjane na watoto sita. Aliwalea kwa jembe la mkono na kwa maziwa aliyobeba kichwani kwenda kuuza. Mogesi, mkubwa wao, aliacha shule darasa la tano akachunge ng'ombe ili wadogo zake wasome, na walisoma. Hakuna aliyeomba chakula kwa jirani. Mogesi alipenda kulikumbusha jambo hilo, hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Sasa siku moja, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, Boke aliitazama ile picha akauliza, "Hii nyumba hutembea kweli, au walichora tu?"

"Hutembea, mama."

"Umeiona ikitembea?"

"Hapana."

"Basi usiseme hutembea."

Jibu hilo lilimkaa Mogesi rohoni. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kugoma. Mwaka jana alikwenda kanisani kwa miguu, mwaka huu anapelekwa kwa bodaboda. Mogesi aliona kwamba kama ni kupanda meli, ni mwaka huu. Aliuza madume mawili, wadogo zake wakachangia, na upande wa nauli ukaisha hapo. Kilichobaki ni kujua meli inapandiwa wapi, na nani wa kuwapeleka bila kuwadanganya.

Kuhusu wapi, aliyemjibu ni Waitara. Huyu alikuwa wa rika lake na aliwahi kubeba mizigo kwenye bandari ya Mombasa miaka miwili. Tangu arudi hakuna kikao alichokaa bila kuitaja.

"Dar es Salaam ya nini?" Waitara alisema. "Huko ni mwisho wa dunia. Mombasa ni hapa tu. Unavuka mpaka pale Sirari, unakunywa chai Kisii, unalala Nairobi, kesho yake uko baharini. Au unaogopa Wakenya, wewe mchunga mbuzi?"

"Nimwogope nani? Wajomba zangu si wako ng'ambo ya mpaka, Kehancha?"

"Basi!"

Ikawa basi. Hapo ndipo Mogesi aliposimama akatamka Mombasa, na watu wakapiga makofi.

Kuhusu nani wa kuwapeleka, Mogesi alikuwa na kipimo chake. Kwa miaka thelathini amenunua ng'ombe mnadani, na kila dalali yeye humuuliza swali moja tu: huyu ana ubaya gani? Dalali akijibu kwamba hana ubaya, Mogesi anaondoka. Ng'ombe asiye na ubaya hajazaliwa. Ama dalali hamjui mnyama, ama anamjua na anaficha.

Alianzia Tarime mjini, kwa kijana mmoja mwenye ofisi ya vioo na picha za fukwe ukutani.

"Mzee, hiyo meli ni raha tupu," kijana alisema.

"Ina ubaya gani?"

"Haina ubaya wowote, mzee wangu."

"Inapandiwa Mombasa?"

"Mombasa, Dar, Zanzibar, popote unapotaka wewe."

Mogesi alimtazama. "Na Musoma?"

Kijana alifikiri kidogo. "Tunaweza kuangalia."

Mogesi alichukua kofia yake. Kumuuzia mtu safari ya bahari kutoka ziwani ni kama kumuuzia maksai ukimwambia atazaa.

Binamu yake Steven, dereva wa kambi moja ya watalii kule Robanda, ndiye aliyemwambia aende Mugumu kwa mwanamke anayeitwa Saida. "Wageni wakikwama popote, huyo ndiye wanayempigia," Steven alisema. "Ila hana maneno matamu."

"Huyo ndiye ninayemtafuta," Mogesi alijibu.

Ofisi ya Saida ilikuwa chumba kimoja kando ya fundi cherehani. Kulikuwa na meza, simu mbili na ramani ya pwani iliyobandikwa kwa gundi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amejifunga mtandio, macho yakiwa kazini.

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti."

"Marahaba. Nataka meli ya bahari. Ya mama yangu na mimi. Kutoka Mombasa."

Saida hakugusa simu. "Mama ana umri gani? Na anatembeaje?"

Yule wa Tarime hakuwa ameuliza hilo.

"Alizaliwa mwaka wa nzige. Magoti mabovu, mdomo mzima."

Saida alicheka. "Ngazi anapanda?"

"Subiri kwanza. Niambie ubaya wa hiyo meli."

Saida alivuta daftari nene lililochoka, akalifungua. "Nianze na upi? Chumba cha chini kinanuka mafuta ya injini, na usiku hulali. Siku ya pili wengi wanatapika. Chakula hakina chumvi, na ugali wa wimbi usiutegemee. Na kuna vituo ambavyo meli haifiki ukingoni. Inasimama mbali, watu wanashushwa kwa boti ndogo, na boti inaruka. Kwa magoti ya mama, hapo asishuke. Akishuka atavunjika."

"Umeyaona wewe mwenyewe?"

"Sijawahi kupanda meli maishani mwangu. Lakini miaka kumi na minne nawapandisha watu, na kila anayerudi namuuliza kilichomuudhi. Sifa siziandiki. Naandika maudhi." Akaligonga daftari kwa kidole.

Mogesi akaegemea kiti. Amempata.

"Sasa hiyo Mombasa," Saida akaendelea. "Pasi zenu za kusafiria ziko wapi?"

"Pasi ya nini? Mimi navuka Sirari kama navuka boma langu."

"Unavuka kwenda Kehancha kwenye msiba, mzee. Pale wanakujua, na wewe unawajua. Mombasa bandarini nani anamjua Boke? Ile meli inatoka Kenya inaingia Zanzibar. Ofisa atasimama pale chini ya ngazi, atataka pasi mkononi. Asipoiona, mama atabaki gatini na mzigo wake, akiwaangalia wenzake wakipanda."

Mogesi hakuwahi kuifikiria Kehancha kuwa nchi ya watu wengine. Ng'ombe wa mahari ya mama yake walipita njia hiyo hiyo, na hakuna ng'ombe aliyeulizwa karatasi.

"Pasi si inatafutwa?" alisema mwishowe.

"Inatafutwa. Leta cheti cha kuzaliwa cha mama."

"Nimekwambia, mwaka wa nzige."

"Basi itapatikana, lakini wiki tano hazitoshi, na baada ya wiki tano meli ya Mombasa inaondoka, safari yake ya mwisho kabla ya mvua. Ipo meli nyingine, ndogo kidogo. Inatoka Dar es Salaam wiki hiyo hiyo, inakwenda Kilwa na Mtwara, inarudi. Haitoki nje ya nchi. Kitambulisho cha taifa anacho?"

"Anacho."

"Kinatosha. Dar meli inalala ubavuni mwa gati. Anatoka kwenye gari, anafika kwenye ngazi. Hadi Dodoma mtakwenda kwa basi na kupumzika njiani. Kutoka pale treni ya umeme, magoti yake yanyooke."

Kila neno lilikuwa na akili, na kila neno lilimchoma. "Saida, mimi nimeshatamka Mombasa mbele ya rika."

"Rika ndilo linalosafiri," Saida aliuliza, "au mama yako?"

Njia nzima ya kurudi Nyamwaga swali hilo lilikaa naye kwenye basi kama abiria mwenye mzigo. Mogesi hakuwa mtu wa kurudisha neno. Angeweza kukaa kimya, ampeleke mama Sirari, abahatishe. Wengi wangefanya hivyo. Lakini alimwona Boke amesimama chini ya ngazi na kitenge chake kipya, ametokea Nyamwaga kuja kurudishwa kama ng'ombe mgonjwa mnadani.

Jumapili baada ya ibada, rika lilikuwa limekaa kwa Waitara. Mogesi alisimama.

"Nilisema Mombasa. Nilikosea. Mama atapandia Dar es Salaam."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Waitara ndiye aliyezidi. "Mmeona? Mwanamke wa Mugumu amemgeuza kichwa! Mogesi, hata kisu cha jando uliogopa, sisi tulijua tu!"

"Waitara," Mogesi alisema, "wewe ulivukaje kwenda Mombasa?"

"Kwa miguu yangu!"

"Kwa karatasi gani?"

Waitara alikuna shingo. "Si nilikuwa na kitambulisho cha binamu yangu wa Kehancha."

"Miaka miwili bandarini walikuita jina gani asubuhi?"

"La binamu."

"Na mama yangu apande kwa jina la nani?"

Hakuna aliyecheka. Wengi pale, walipokuwa wadogo, walikunywa maziwa ya Boke na hawakudaiwa.

"Atapanda kwa jina lake," Mogesi alisema, akakaa. Waitara alimsogezea kiti karibu na chake, akamwita mchunga mbuzi kwa sauti ndogo, na mambo yakaishia hapo.

Wiki tano baadaye gari liliwashusha kwenye gati la Dar es Salaam. Meli ilikuwa pale, nyeupe, ubavu wake umegusa ukingo kama Saida alivyosema. Boke aliitazama kutoka chini mpaka juu. Mtumishi wa bandari alikuwa anamsubiri na kiti cha magurudumu, kwa sababu Saida alikuwa amepiga simu mara mbili. Boke alikaa akasukumwa mpaka kwenye ngazi. Hapo akainua mkono.

"Simamisha. Nashuka hapa. Sikuja kubebwa."

Ofisa mwenye orodha alikuwa kijana mwenye miwani. Alichukua kitambulisho, akakitazama, akasoma kwa sauti ili mwenzake wa juu asikie: "Boke Marwa Nyamhanga!"

"Ndiye mimi," Boke alijibu, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Karibu, bibi. Umetokea wapi?"

"Nyamwaga."

"Ndiyo wapi huko?"

"Muulize Mogesi. Mimi nina kazi ya kupanda."

Akashika chuma cha pembeni akapanda, kipandio kimoja, apumue, kingine. Nyuma yao foleni ya watu ilisimama. Mzungu mmoja alitaka kusogea kumsaidia, Mogesi akamzuia kwa kiganja. Magoti yale yalibeba maziwa na watoto sita. Vipandio ishirini na viwili yatavimaliza. Mogesi alivihesabu vyote, na kifua chake kilikuwa kimejaa mpaka shati likambana.

Juu, Boke alikaa kwenye kiti kando ya ukingo. Chumba chao hakikuwa cha chini. Chumvi ilikuwa kwenye mkoba, Saida alikuwa amewakumbusha. Injini ikanguruma, kamba zikaachiwa, na polepole gati likaanza kurudi nyuma pamoja na watu wake na magari yake.

Boke aliangalia maji yakipanuka kati yake na nchi kavu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mogesi."

"Naam, mama."

"Sasa sema."

"Niseme nini?"

"Lile nililokukataza jikoni."

"Hutembea, mama."

"Haya," Boke alisema. "Leta ile chumvi, tukale."