Mlango Uliokatwa

Mama Nyuzi alivua spika za masikioni alizosikilizia mahojiano yake, akazibwaga mezani, watu wakageuka. Ukumbi wa makumbusho ulijaa picha za kiwanda cha nguo alichofumia tangu usichana wake. Chini ya picha ya jengo lililoungua palibandikwa maneno: wafanyakazi walitaharuki, wakausahau mlango wa nyuma.

"Umenikata," alimwambia binti aliyemhoji. "Moto unaanza, mara niko hospitali. Mlango uko wapi?"

"Hukuutaja, bibi. Hapo ulinyamaza muda mrefu, tukaondoa ukimya ili wasikilizaji wasichoke."

"Nilinyamaza? Mimi?"

Kisauti, shoga yake wa mashine ya jirani, aliguna. "Huyu hata akilala hanyamazi."

Mama Nyuzi alielewa, na kuelewa kukamzidishia hasira. Mle kiwandani mashine zilinguruma hata ukipiga kelele hujisikii. Wanawake walisemezana kwa midomo na mikono, na maneno ya mle ndani hakuwahi kuyasimulia kwa njia nyingine. Siku ya mahojiano alimwonyesha binti kwa mikono vile mdogo wake alivyomwambia kutoka upande wa pili wa moshi. Binti alikuwa ameinamia vitaa vya kinasa sauti chake.

"Nilikuwa nakueleza, mwanangu, wewe unatazama kidude! Mdogo wangu kafia pale, leo mnambandika ukutani kuwa alisahau mlango?"

"Nisamehe, bibi. Turekodi tena."

"Hapa hapa. Na safari hii unitazame."

Binti aliweka kinasa sauti mezani, akainua uso. Mama Nyuzi alinyoosha mkono, akakunja ngumi, akaizungusha kama anayekaza kitu, kisha akajigonga kifuani. Kisauti alisogea karibu na kinasa sauti, akaisema ile mikono polepole, utani wote umemtoka:

"Wamefunga kwa nje. Niitie mwenye ufunguo."

Binti hakugusa kinasa sauti.

"Ukamwita nani, bibi?"

"Msimamizi," alisema Mama Nyuzi, sasa kwa mdomo, kila neno likifika hadi kizingitini. "Nilitokea mbele nikamkuta uani, ufunguo mfukoni. Akaniambia akifungua, vitambaa vitaibiwa. Haya, kata na hapo, nione. Na hilo bango lenu mlibandue kabla sijatoka."