Aliyerudi Kuonja Supu

Saa moja asubuhi, mjini Klang, Bi Geok Choo alikuwa amejifungia stoo ya duka lake la supu akipima vifurushi vya mizizi ya dawa kwa mara ya pili. Hakuna kilichopungua. Hata hivyo, tangu mumewe azikwe mwezi uliopita, supu ya mbavu za nguruwe ilikuwa imechujuka na wateja waliacha mabakuli nusu. Alimshuku Bee Khim, mwosha vyombo, kwa wizi. Kila jioni alimpekua mkoba.

Alipotoka, alimkuta mzee Kim Seng ameketi kando ya jungu, kifua wazi, taulo begani kama mchukuzi wa bandarini. Kim Seng alikuwa amekufa miaka arobaini na mmoja iliyopita. Bee Khim, mjukuu wake aliyemwacha mdogo, alikuwa akimmiminia chai.

"Babu, umekonda."

"Huko hakuna mafuta." Mzee akaonja supu, akatema. "Nani kapika maji haya? Mizizi ya tang kui inaingia kwanza, povu la mifupa likishatolewa. Mdalasini baadaye. Vitunguu saumu vizima, na maganda yake. Sisi tulibeba magunia kutwa kwa bakuli moja tu. Ilitia damu, ikatoa baridi mifupani. Haya hata paka hayataki."

"Supu hii kaibuni marehemu mume wangu," alisema Geok Choo. "Usije kutuharibia jina, mzee."

Kim Seng akaitazama picha ukutani. "Huyu? Huyu alikuwa akinipasulia kuni za kupikia supu hii. Nilipougua alisema atanishikia jungu mpaka nipone."

Meza ya pili wakaomba wali zaidi.

Geok Choo alimkodolea macho mzee. Anataka nini? Duka? Huyu hakuja bure. Lakini mzee alichukua upawa tu, na kufika saa mbili watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne Geok Choo akampa aproni na kumpangia zamu ya asubuhi.

"Na mshahara wake, mama?" aliuliza Bee Khim.

"Mshahara? Kafa, atautumia wapi?"

"Basi nipe mimi."

"Wewe nakulipa wa vyombo."

Mzee hakugeuka; alikuwa akiengua povu. Bee Khim akarudi kwenye karo la kuoshea. Geok Choo akavuta kiti hadi mahali alipoweza kuwaona wote wawili, akakaa.