Kivuli cha Anifa Fainalini

Asubuhi ya Jumatatu, saa moja na robo, Anifa Kasongo alikuwa amekwisha kumwaga ndoo saba za dagaa juu ya chanja ya waya ya kuanikia, ufukweni Ujiji, na alikuwa akiwatandaza kwa kiganja, taratibu, dagaa mmoja asimlalie mwenzake. Wakilaliana huoza tumbo kabla ya adhuhuri. Alipomaliza alinawa mikono ziwani, akajifuta kwa ncha ya kanga, akamwachia jirani yake Honorata kazi ya kufukuza kunguru, akapanda bodaboda kwenda mjini kuulizia pasipoti yake. Ilikuwa mara ya kumi na nne.

Pasipoti yenyewe aliitaka kwa ajili ya sataranji.

Mchezo huo aliujulia siku za mbalamwezi. Dagaa wa Tanganyika hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa ya mvuvi haiwadanganyi. Basi mitumbwi hupumzika siku nane, siku tisa, na wanawake wa chanja nao hukosa cha kuanika. Wengine siku hizo husukana nywele, wengine huenda Mwandiga kutafuta mihogo. Anifa alikuwa akienda Gungu, kwa Mwalimu Telesphory, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye ubao wa sataranji ambao farasi wake mmoja amevunjika pua. Mwalimu alimfunga mbalamwezi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne akafungwa yeye, na tangu hapo hajamfunga tena.

“Mimi nimekuonyesha mlango tu,” Mwalimu alimwambia. “Nyumba umeijenga wewe.”

Njia ya kwenda kwenye ubingwa wa dunia ni ndefu, lakini mtu akielezwa taratibu haimpotezi. Kwanza unashinda mkoa. Mkoa Anifa aliushinda akiwa na magamba ya dagaa kwenye kiwiko. Kisha unashinda taifa. Akaenda Dar es Salaam kwa treni, na kapu la mihogo ya kuchemsha, akarudi na kikombe. Kisha Afrika, na kwa bahati mwaka ule wanawake wa Afrika walikutanishwa hapohapo Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza pasipoti. Akawa wa pili, na wawili wa kwanza hualikwa kwenye Kombe la Dunia. Kombe ni mtoano: wawili wanacheza michezo miwili, leo una kete nyeupe, kesho nyeusi, wakitoshana wanaongezewa michezo mifupi mpaka mmoja afungashe. Watatu bora wa Kombe huingia kwenye mashindano ya watahiniwa, watu wanane, kila mmoja anacheza na kila mmoja mara mbili. Mshindi wa hao, mmoja tu, ndiye anayekaa mbele ya bingwa wa dunia kwa michezo kumi na miwili. Ukishinda pointi moja, sare nusu. Wa kwanza kufika sita na nusu, dunia ni yake.

Kombe la mwaka ule lilikuwa ng'ambo ya bahari, na lilibakiza siku kumi na mbili.

“Mwakeye, dada Anifa,” afisa wa uhamiaji aitwaye Pastory alisema alipomwona mlangoni. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati lake halikosi pasi. “Umekuja.”

“Nimekuja, afande.”

Pastory akafungua faili. “Tatizo ni lilelile. Marehemu baba. Fomu inataka mahali alipozaliwa.”

“Ziwani.”

“Ziwa si mahali, dada.”

“Ndipo alipozaliwa.”

Ilikuwa hivyo. Bibi yake Anifa alikuwa akivusha chumvi ya Uvinza kwenda kuiuza upande wa Kongo, na uchungu ukamshika pale ambapo pwani zote mbili hazionekani. Mtoto alidakwa na mpiga kasia, akafungwa kwenye gunia la unga. Siku tatu baadaye alikuwa amerudishwa Ujiji, na hapo akakua, akaoa, akazikwa. Nyumbani kwao kisa hiki kilisimuliwa kwa majivuno kila sikukuu. Pastory alikuwa amekisikia mara kumi na nne na alikipenda.

“Hebu kumbuka vizuri,” alisema. “Mtumbwi ulikuwa karibu na huku, au karibu na kule?”

“Katikati.”

“Katikati hakuna wilaya. Lete shahidi aliyekuwemo mtumbwini.”

“Wamekufa wote, afande. Aliyebaki mpaka mwisho alikuwa mtoto mwenyewe.”

Pastory alisikitika kwa dhati. Akamwambia arudi Jumatatu.

Anifa alirudi ufukweni akageuza dagaa. Saa kumi na moja jioni, jua lilipoinama, alikusanya dagaa wake kwenye gunia, akajitwisha, akaanza kwenda nyumbani. Kivuli chake hakikumfuata. Kilibaki pale mchangani, kirefu, kimejifunga kitambaa vizuri, kimeelekea upande wa stesheni.

Honorata alikitazama. “Kinataka kwenda hicho.”

“Kiende,” Anifa alisema. “Mimi nazuiwa. Chenyewe hakijazuiwa.”

Mwalimu Telesphory alikuwa na pasipoti tangu alipohudhuria harusi ya mpwa wake Bujumbura, basi akasema atakisindikiza. Waandaaji walikuwa wametuma tiketi mbili, ya mchezaji na ya mwalimu wake. Ya mchezaji haikutumika, kwa kuwa kivuli kilikaa sakafuni, miguuni pa Mwalimu. Uwanja wa ndege ofisa aliuliza hicho ni cha nani. Mwalimu akajibu ni cha mchezaji. Ofisa akageuza muhuri mkononi, hakuona pa kuugonga.

“Kivuli hakina uraia,” alisema. “Kipite.”

Utaratibu wao ulikuwa huu. Anifa alikaa uani kwake Ujiji, kwenye mkeka, na ubao mbele yake. Kete aliyoisogeza, kivuli kilishika kivuli cha kete ileile kule ukumbini na kukisogeza, na kete yenyewe ikafuata, maana haiwezi kubaki nyuma ya kivuli chake. Saa ya mezani kiliibonyeza vivyo hivyo. Mwalimu hakuwa na la kufanya ila kumpigia simu Anifa kumwambia mpinzani kajibu nini, mwamuzi mmoja akiwa amesimama naye, asije akamnong'oneza la ziada.

Siku ya kwanza palikuwa na malalamiko. Sheria ya sataranji husema ukigusa kete umeicheza. Mpinzani akasema kivuli kikiinama kinagusa kete zote thelathini na mbili kwa pamoja, zake zikiwamo. Waamuzi wakajifungia dakika ishirini, wakatoka na uamuzi kwamba kivuli kinagusa kwa vidole tu. Siku ya pili ikawa taa. Ukumbi ulikuwa na taa nyingi, na kivuli cha Anifa kikawa vivuli sita hafifu vilivyokizunguka kiti. Mpinzani akasema hawezi kucheza na watu sita. Wakazima taa zote wakaacha moja, juu ya meza. Mwalimu alimwambia Anifa kwenye simu kwamba ukumbi sasa unafanana na ziwa usiku wa giza, taa moja na watu wote wameielekea. Anifa alicheka, akamla mpinzani wake malkia.

Kombe akawa wa tatu. Watahiniwa akawa wa kwanza, na mchezo mmoja mkononi. Ujiji mambo yaliendelea. Anifa alipata joto zaidi mchana, kwa kuwa mtu asiye na kivuli jua humwingia pande zote, na kuku waliozoea kulala kivulini pake walihamia kwa Regina, mwanika dagaa mwenzake. Watoto wa madrasa walipita wakimwita Bingwa, naye akiwajibu, “Bado, wanangu. Someni.”

Fainali ikaja. Bingwa wa dunia alikuwa mwanamke mpole wa nchi ya baridi, aliyekisalimu kivuli kwa kuinamisha kichwa kila siku. Walishindana wiki tatu. Michezo kumi na mmoja ilipokwisha, kila mmoja alikuwa na pointi tano na nusu. Ukabaki mmoja.

Siku hiyo palikuwa na jua kali, dagaa wamejaa chanja zote, kwa kuwa giza lilikuwa limerudi na mitumbwi imevua vizuri mno. Anifa akaona asiwe mbali na mali yake. Akauhamishia ubao ufukweni. Saa tisa wakaanza. Saa kumi na mbili kasorobo, alibakiwa na mfalme, ngome na askari wawili, na dakika kumi na moja kwenye saa, na hapo upepo ukageuka, na mvua ikaonekana inatembea juu ya maji kutoka upande wa Kongo.

Ufukweni mvua haina mjadala. Kila mwanamke hukimbilia chanja yake, maana dagaa walionyeshewa wakiwa nusu kavu ni wa kumwaga. Ukimaliza zako ndipo unamsaidia jirani. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Anifa alikuwa na ndoo kumi na mbili juu ya waya. Akajishika magoti kutaka kuinuka.

“Kaa!” Honorata alipiga kelele. “Ukiinuka wewe na chenyewe kule kinainuka!”

“Honorata, dagaa wangu.”

“Dagaa wako nini! Kaa chini, mwanamke, nisikupige na hii ndoo. Regina! Huku kwanza! Za kwako baadaye!”

Wakaja wanawake tisa. Walianza na chanja za Anifa, wakakusanya kwa mikono miwili, kwa kanga, kwa ungo, hakuna aliyegeuka kutazama za kwake. Mvua ikafika. Anifa alikaa. Maji yalimtiririka kutoka kichwani hadi kwenye ubao, na kete za mbao zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Kule ukumbini, Mwalimu alisema baadaye, kivuli kilianza kudondosha maji mezani. Mwamuzi aliyapangusa kwa kitambaa, saa ikiendelea kuhesabu, kisha akaona yanazidi, akaleta beseni.

Dakika nane. Anifa alimsogeza askari. Dakika tano, akamsogeza tena. Bingwa akaleta mfalme wake kumzuia, akachelewa hatua moja. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, askari alifika mstari wa mwisho, na askari akifika huko hugeuka malkia, hiyo ni sheria ya siku zote, haikuwekwa kwa ajili ya Anifa. Bingwa aliutazama ubao, akausimamisha mkono wake juu ya maji yaliyokuwa mezani, akamlaza mfalme wake, kukiri kwamba ameshindwa. Kisha akakipa kivuli mkono, na mkono wake ukalowa.

“Umekwisha?” Honorata aliuliza.

“Kalazwa mfalme,” Anifa alisema.

Vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Regina alipiga kuliko wote, naye ndiye aliyekuwa amepoteza ndoo mbili. Alipoulizwa kesho yake alisema, “Mbili tu. Tena walikuwa wadogowadogo.”

Kwenye kutoa zawadi palitokea kitu kidogo. Bingwa mpya hupandishiwa bendera na kupigiwa wimbo wa nchi yake. Mwalimu akasema Tanzania. Wakaomba pasipoti ya kivuli. Mwalimu akaeleza habari za mtumbwi, chumvi na gunia la unga. Wakamsikiliza kwa heshima, wakauacha mlingoti mtupu, na kwenye kitabu wakaandika Anifa Kasongo, na mahali pa nchi wakapiga kistari. Mwalimu Telesphory akavua kofia akasimama wima chini ya mlingoti ule mtupu, akauimba wimbo wa taifa peke yake, beti zote mbili. Sauti yake haikuwa nzuri. Bingwa aliyevuliwa taji alisimama pia.

Kivuli kilirudi kwa treni, siku ya Alhamisi. Stesheni ya Kigoma ilijaa ngoma, wanafunzi wamepangwa mistari, wakubwa wamekuja na suti, na kila mmoja aliyeshika kipaza sauti alisema binti yetu, damu yetu, mwana wa Kigoma. Kivuli kilishuka behewani, kikapita katikati ya miguu ya watu, kikajilaza nyuma ya visigino vya Anifa. Kilikuwa kimenenepa kidogo. Anifa alisimama akiwa na medali kifuani, shingo imenyooka, na wanawake tisa wa chanja wakasimama naye mstari mmoja kwa kuwa alikataa kupigwa picha bila wao.

Jumatatu alimaliza kutandaza dagaa, akanawa mikono, akapanda bodaboda.

Pastory aliinuka kitini, akampa mikono yote miwili. “Bingwa wetu! Hongera sana. Umetutoa kimasomaso, dada. Wanangu nyumbani hawalali, ni sataranji tu.”

“Ahsante, afande. Bingwa hutetea taji, na mashindano mengine ni mwakani. Safari hii ningependa kwenda mwenyewe.”

“Na ni haki yako,” Pastory alisema. Akafungua faili, akaitazama kwa muda mrefu, akitumaini pengine kuna kilichobadilika. “Sasa, marehemu baba. Hukukumbuka upande?”

“Katikati.”

“Basi itabidi shahidi.” Akamwonyesha benchi, akampa kikaratasi chenye namba kumi na tisa.

Juu ya benchi, ukutani, walikuwa wametundika picha mpya kubwa yenye fremu ya dhahabu. Ilikuwa ya kivuli, kimekaa mbele ya ubao chini ya taa moja, na chini yake wamebandika bendera ya taifa na maneno FAHARI YA MKOA WETU. Anifa aliiangalia vizuri. Fremu ilikuwa imepinda. Akapanda juu ya benchi, akainyoosha kwa mikono miwili mpaka ikakaa sawa, akashuka, akaketi chini yake kusubiri namba yake.