Shingo ya Kwanza

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wale vinyozi wawili waliichukua methali hiyo kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao, wakaifanya sheria ya duka. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia wateja, mmoja alikaa kitini na mwenzake akamnyoa, kisha wakabadilishana. Waliita hiyo shingo ya kwanza. Mvua inyeshe, jua liwake, wawe wamenuniana tangu jana juu ya nani aliyesahau kufua mataulo, shingo ya kwanza haikurukwa. Miaka thelathini na moja hiyo. Kuna watu wameoa na kuachana mara tatu katika muda huo.

Mmoja aliitwa Kinoo, kwa sababu ndiye aliyenoa nyembe zote za duka. Alikuwa mkimya. Ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Mwenzake aliitwa Taratibu. Huyo mdomo alikuwa nao, wa kutosha watu wawili, ila jina alipewa na mkono: alinyoa polepole hadi wateja wenye haraka walimkimbia, na wasio na haraka walisinzia. Ukitoka kwenye kiti chake ulijipapasa shavu njia nzima mpaka nyumbani.

Na kunyoa kwao hakukuwa kule kwa kupitisha mashine na kupuliza nywele. Taulo la moto kwanza, likae usoni mpaka ndevu zilegee. Kisha sabuni kwenye bakuli, brashi izungushwe mpaka povu lisimame lenyewe. Kisha wembe wa kukunja, upigwe huku na huku kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kando ya kioo. Ndipo ngozi ivutwe kwa kidole gumba, na kazi ianze.

Basi mwaka huo mkono wa kulia wa Taratibu ukaanza kutetemeka.

Pale dukani Kinoo ndiye aliyejua wa kwanza. Nani mwingine angejua? Mtu anayekuwekea wembe kooni kila siku, hata akipiga chafya ya moyoni utaisikia. Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo, pale wembe ulipopanda kutoka kooni kwenda kidevuni, ukaisha. Kinoo akasema moyoni ni baridi. Wiki iliyofuata hakukuwa na baridi na mkono ukatetemeka vilevile. Kisha vikaja vidonda, kimoja chini ya taya, kingine karibu na sikio, vidogo vya kuzimwa na kipande cha shabu.

"Ndevu zako siku hizi zimekuwa miiba," Taratibu alisema.

"Uzee," Kinoo akajibu.

Yakaishia hapo. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini Kinoo alianza kushika pumzi kila wembe ulipofika kwenye koromeo, na kila asubuhi alikaa kitini akiomba Mungu: si kwa ajili ya shingo yake, maana hiyo alishaitoa zamani, bali kwa ajili ya shingo zitakazofuata mlango ukifunguliwa.

Wa kwanza kupatwa alikuwa karani wa posta, mteja wa miaka na miaka. Wembe ulimchana ncha ya sikio na damu ikamwagika hadi kwenye kola. Karani alikuwa muungwana, akacheka, akasema sikio lenyewe lilikuwa kubwa mno, bora lipunguzwe. Watu wakacheka naye. Wiki iliyofuata alipokuja, kiti cha Taratibu kilikuwa kitupu, lakini karani akakaa kwenye benchi na kufungua gazeti.

"Karibu, karani," Taratibu alisema.

"Nipo, nipo. Namalizia habari moja hapa."

Habari hiyo haikuisha mpaka kiti cha Kinoo kilipokuwa wazi. Taratibu akachukua kitambaa akafuta kiti chake, ambacho kilikuwa safi, akakifuta tena.

Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angemketisha mwenzake pembeni na kumwambia: ndugu yangu, mkono huu unaumwa, wembe uache, shika nywele, shika mashine, duka ni letu sote. Maneno mangapi hayo? Hata kikombe cha chai hakipoi. Lakini Kinoo yalimkwama. Kila alipofungua kinywa aliuona uso wa Taratibu utakavyokuwa akishayasikia, akafunga kinywa. Usiseme alikuwa mwoga wa ugomvi. Aliogopa kumpoteza, basi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, na katika dunia nzima hii hakuna mtu mwingine aliyemgusa uso.

Mficha maradhi, kilio humfichua, na hawa walikuwa wakiyaficha wawili. Siku moja ingekuwa koo la mtu.

Jumatatu duka lilifungwa, na Jumatatu ndiyo siku Kinoo aliyonoa nyembe. Alikaa peke yake mlangoni, jiwe juu ya goti, maji kwenye kopo. Alinoa zake mbili. Kisha akachukua ule wembe wa Taratibu wenye mpini mweusi, akaunoa vizuri kabisa, kwa mazoea, mpaka ukakata unywele uliolegea hewani. Akautazama. Kisha, na hapa Mungu amsamehe, akachukua chupa tupu ya spiriti, akayapitisha makali yake kwenye kioo cha chupa ile, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukawa hauwezi kukata hata siagi.

Hesabu zake zilikuwa hivi: kesho shingo ya kwanza ni yangu. Taratibu ataona wembe haukati, atasema chuma kimechoka. Nitamwambia uweke, nitautafutia jiwe zuri, wewe kwa sasa shika mashine ya nywele. Kwa sasa itakuwa wiki, wiki itakuwa mwezi, na jambo litakuwa limekwisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Alijiona ana busara. Yeye, aliyekuwa akiwaambia watu kila siku kwamba wembe butu ndio unaoua, kwa kuwa unalazimisha mkono ukandamize! Na hakuwahi kujiuliza swali dogo kabisa: katika miaka thelathini na moja, ni lini Kinoo alimrudishia mwenzake wembe ambao haukati?

Jumanne asubuhi akakaa kitini. Taulo likaja, la moto sawasawa. Taratibu akazungusha brashi huku akisimulia habari za jirani yake aliyenunua jogoo asiyewika, anayeamka saa nne kama bosi. Akampaka povu. Akauchukua wembe, akaupiga kwenye mkanda.

Hadithi ya jogoo ikakatika katikati.

Mkanda una sauti yake. Wembe mzima ukipita hunong'ona, huu ulikwaruza. Taratibu akaupiga mara ya pili, taratibu zaidi. Akaugusa kwa ncha ya kidole gumba. Kinoo alimwona kwenye kioo akiinua macho, na macho yao yakakutana humo humo ndani ya kioo. Sasa ndipo angesema chuma kimechoka. Kinoo alingoja aseme.

Taratibu akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akainama, akaanza kunyoa.

Alimnyoa kwa wembe butu uso mzima. Kila unywele uling'oka badala ya kukatika, machozi yakamtoka Kinoo yakachanganyika na povu. Wembe ulikuwa unafika kwenye taya, unasimama, mkono unatetemeka hewani, Taratibu anasubiri utulie, anaendelea. Nje wateja walishaanza kugonga mlango. Hakuwafungulia. Ilipita karibu saa nzima, na alipomaliza, alimwosha uso, akampaka shabu, akamkausha kwa taulo. Hakukuwa na tone la damu. Mahali popote. Ukiniuliza mimi, hakuna kinyozi aliyewahi kunyoa vizuri zaidi ya hivyo.

Akaufuta wembe, akaukunja, akauweka juu ya meza mbele ya kioo.

"Huna mdomo?" akauliza.

Kinoo akautazama wembe.

"Miaka yote hii nakuwekea chuma kooni, na wewe unaniamini. Neno moja la mdomo ukashindwa kuniamini nalo." Hakupandisha sauti. Akavua aproni, akaitundika, akafungua mlango. "Karibuni," akawaambia wateja, akapita katikati yao akaenda zake.

Siku hiyo hakurudi. Wala kesho yake. Kinoo alifungua duka peke yake, akawaambia watu kwamba Taratibu ana mafua. Ndevu zikaanza kumwota, nyeupe, zenye kuwasha. Angeweza kwenda kwa kinyozi wa barabara ya pili, maana wapo, na si wabaya. Siku ya nne alifika hadi mlangoni pao, akaona kiti kimoja kiko wazi, akageuka akarudi. Siku ya sita karani akamtania.

"Fundi, siku hizi unatangaza biashara ya nani?"

Watu wakacheka. Kinoo akacheka pia, akaenda nyuma ya pazia kuchemsha maji ambayo yalikuwa yamekwisha kuchemka, akalia huko, wala sioni haya kusema hivyo.

Siku ya tisa alipiga moyo konde. Aliunoa upya ule wembe wenye mpini mweusi, akafunga brashi, bakuli na sabuni ndani ya taulo, akaenda nyumbani kwa Taratibu asubuhi mapema. Mke wa Taratibu alikuwa anaanika nguo uani. Alimtazama zile ndevu, akakitazama na kifurushi.

"Karibu, shemeji. Umechelewa."

"Yuko?"

"Aende wapi? Yuko ndani, anagombana na redio." Akabana nguo kwenye kamba, akashusha sauti. "Shati lake namfunga vifungo mimi miezi mingi sasa. Alinikataza nisikwambie."

"Kwa nini, shemeji?"

"Alisema kuhusu kazi yake hamsikilizi daktari, wala mimi hanisikilizi. Alisema anakusubiri wewe. Eti, mwenzangu ndiye anayeujua mkono wangu, akiniambia niache, nitaacha siku hiyohiyo. Ndivyo alivyosema." Akachukua shati lingine kwenye beseni. "Kila jioni nilikuwa namuuliza: je, amekwambia? Ananijibu bado, basi labda bado nafaa."

Kinoo aliegemea ukuta. Kama angepigwa ngumi ingekuwa nafuu. Mwezi baada ya mwezi alikuwa akimeza maneno kwa huruma, na kumbe kule kumeza kwake ndiko kulikokuwa kunampeleka mwenzake kazini kila asubuhi.

Taratibu alikuwa ameketi karibu na dirisha, ndevu zimemjaa mpaka mashavuni, mikono ameiweka chini ya mapaja kuituliza. Akazima redio. Hawakusalimiana. Kinoo alitandua taulo, akaomba maji ya moto, akamnyoa. Alinyoa polepole kuliko alivyowahi kunyoa mtu, na Taratibu alifumba macho, na mara moja tu akasema, "Hapo chini ya pua, usipapase, wewe si kipofu." Kinoo akatabasamu.

Alipomaliza kumkausha, akasuuza wembe, akauweka juu ya meza. Kisha akavuta kiti kingine, akakaa, akalegeza kola, akaegemeza kichwa nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuomba radhi. Hakuwa na nyingine.

Taratibu alitoa mikono chini ya mapaja. Hatimaye akainuka. Akalowesha taulo, akalikamua kwa shida, akamfunika uso. Akazungusha brashi bakulini, na brashi haina makali, haina hofu, mkono wake ukitetemeka ndani ya povu povu linazidi kuwa zuri. Akampaka mashavu yote, kidevu, shingo, taratibu, mpaka hakuna unywele mweusi wala mweupe uliobaki kuonekana. Kinoo alifumba macho. Siku tisa alikuwa hajaguswa uso.

Akasikia wembe ukifunguliwa. Akausikia ubaridi wake chini ya taya, ukitetemeka, ukigusa na kuachia.

"Sasa sema," Taratibu akamwambia.

Angeweza kusema nyoa. Alitaka kusema nyoa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kama angekatwa, na akatwe. Mkewe Taratibu alikuwa amesimama mlangoni na beseni tupu.

"Mkono umekwisha, ndugu yangu," Kinoo akasema. "Usimnyoe mtu tena."

"Hata wewe?"

Povu lilikuwa limeanza kupoa usoni.

"Hata mimi."

"Haya," Taratibu akasema. "Nimesikia."

Ukunjaji wa wembe ulimshinda mara mbili, mara ya tatu ukakubali. Akachukua taulo, akalichovya tena kwenye maji yaliyobaki, akamshika mwenzake kidevu kwa mkono wa kushoto, akaanza kulifuta povu lote, kwanza shavuni, kisha shingoni, na chini yake ndevu zikawa zinatokea zilivyo.