Jiwe Chini ya Kibanda Kipya

Miaka kumi na moja mimi ndiye niliyeandika namba katika kituo chetu cha kupima sumaku ya dunia. Mpimaji anachungulia chombo, anaita namba, naandika. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini Mungu shahidi, sijakosea hata tarakimu. Kilipojengwa kibanda kipya, kalamu akapewa binti mwenye mwandiko kama wa kadi ya harusi. Mimi nikabaki na ufagio. Nikambandika jina: Kidosho.

Wiki ya kwanza tu, namba za kibanda kipya zikapishana na za kile cha zamani. Mpimaji akaja juu.

"Kuna mtu anaingia na chuma humu!"

"Bosi, nimevua hata pini za nywele," Kidosho akasema.

"Labda ulimeza msumari, mwanangu," nikadakia, sauti imejaa asali.

Mpimaji hakucheka. "Ijumaa namba zikipishana tena, binti, utatafuta kazi kwingine."

Nami nilijua. Kabla ya kibanda, marehemu mume wangu alichimba kisima pale pale. Akagota kwenye jiwe jeusi, zito, linalong'ang'ania msumari kama kupe. Akafukia. Nilijua, nikanyamaza. Usiku nilipiga magoti kusali, nikainuka kabla ya amina.

Alhamisi Kidosho aliamka na homa, hakuja. Mpimaji akaniita: "Mama, njoo uandike." Moyo wangu ukacheza ngoma! Nikavua kila chenye chuma, nikashika kalamu. Tofauti ikatoka ileile, haikupungua wala kuzidi.

"Basi kuna kitu amekiacha humu ndani," akasema. "Kesho simtaki. Wewe endelea kuandika."

Nilichokuwa nakitamani nilikuwa nimekishika mkononi. Nikaitazama ile kalamu weee, hadi akauliza kama naumwa.

"Bosi, si binti. Ni jiwe."

Tukachimba kando ya ukuta, kwa nje. Kwenye kina cha goti nikasogeza msumari, ukaganda jiweni. Mpimaji akapiga makofi.

"Afadhali! Jiwe halihami. Tutaijua tofauti yake, tutaiondoa kwenye hesabu kila siku. Na wewe mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Ile aibu ilinitosha.

Jumatatu Kidosho akarudi, amekonda. "Shikamoo mama. Nimesikia ulivyonitetea."

"Marahaba."

Nikampa kalamu. Kwanza niliifuta kwa upindo wa gauni, taratibu, kisha nikaifuta tena.