Ngamia wa Vipande Arobaini

Burulai hakuwahi kutengeneza mnyama wa kawaida. Mbwa mwitu wake walivaa miwani, mbuzi wake walikuwa na miguu mitano, na punda mmoja alimshonea mbawa kisha akamwekea mfuko wa karanga ubavuni, maana safari ya angani ni ndefu. Midoli hiyo aliijaza sufu ya kondoo na kuivalisha vitambaa chakavu ambavyo majirani pale kijijini Kochkor walimtundikia langoni. Hawakubisha hodi, walitundika mfuko tu wakaenda zao. Kwa hiyo Jumatatu alipoukuta mfuko umejaa vipande vidogo vya kila rangi, alishukuru, akaketi kushona. Jumatano asubuhi ngamia wake mwenye nundu tatu alikuwa tayari.

Jirani wa lango la pili, Anarkul, mama wa watoto tisa, akaja kuazima chujio.

"Bibi Sayrakan kanisahau," alilalamika. "Arobaini ya mjukuu wake ni kesho, na vitambaa vya shati hajaniletea mpaka leo. Atanikurupua usiku, utaona."

Chujio lilimponyoka Burulai. Anarkul alipoondoka, Burulai alimgeuza ngamia juu chini na kuhesabu vipande, masikio, nundu, tumbo, mkia. Vilikuwa arobaini, bila kupungua wala kuzidi.

Mtoto akitimiza siku arobaini huvalishwa shati la vipande arobaini vilivyoombwa katika nyumba arobaini, kila kipande na dua yake. Haviombwi mara mbili. Na shati lenyewe hushonwa na mwanamke aliyejaliwa uzazi. Burulai hakujaliwa. Miaka thelathini tangu aolewe mtaa huo, hakuna aliyewahi kumpa sindano ya shati hilo, wala hakuna aliyemwambia kwa nini. Siku za arobaini alipeleka dubu au sungura, akakaa karibu na mlango, akala, akarudi kwake. Alishazoea, au alijiambia hivyo.

Tena mtoto huyu hakuwa wa kufanyiwa mchezo. Wawili waliomtangulia hawakufika arobaini. Bibi Sayrakan alizunguka na mkongojo siku sita kumwombea vitambaa, na sasa vitambaa vyenyewe vilikuwa nundu za ngamia. Burulai aliona aibu. Akamkumbatia ngamia, akaenda.

Alimkuta bibi anakunywa chai, na mkaza mwanawe, Meerim, ananyonyesha.

"Bibi, nimekukosea."

Bibi Sayrakan alimsogelea ngamia mpaka pua ikamgusa. "Ana nundu tatu."

"Ndiyo, bibi."

"Uliona wapi ngamia wa nundu tatu?"

"Bibi, hivi ni vitambaa vya mtoto. Ulikuwa unampelekea Anarkul. Malango yetu yote mawili ni ya bluu, ukatundika kwangu. Nami nikadhani ni vya midoli."

Meerim aliacha kumbembeleza mwanawe, akamkaza kifuani.

"Nani kasema nimekosea lango?" bibi akauliza. "Miaka sabini niko mtaa huu. Mimi kipofu?"

Mwezi uliopita bibi huyo alimsalimia ndama wa jirani na kumuuliza hali ya mama yake.

"Nilitundika kwako kwa sababu nilitaka ushone wewe," aliendelea, na sauti ikapanda kama ya mtu anayejishawishi mwenyewe. "Wewe ukaanza upuuzi wako. Fumua."

"Bibi, mimi sina mtoto."

Neno hilo Burulai hakuwahi kulitamka mbele za watu. Likamtoka hivyo hivyo, na ngamia mikononi.

"Nimeingia nyumba arobaini," bibi akasema. "Kila nikikaribishwa kwenye godoro, nakalia dude lako. Mara kondoo mwenye soksi, mara samaki mwenye masharubu. Mtoto analia, bibi inuka, umemkalia ndugu yangu. Ndugu yake! Mgongo wangu unauma kwa ajili yako, halafu unaniambia huna mtoto."

Burulai alimtazama Meerim, kwa kuwa mtoto alikuwa wake, na hofu ilikuwa yake.

Meerim alimtazama mwanawe, akampapasa kichwa. "Dada, ushone wewe," akasema. "Ila shingo uiache pana. Huyu ana kichwa kikubwa."

Basi wakafumua. Anarkul alisikia habari akaja na mkasi wake, na wala hakununa. "Nimeshona kumi na saba mimi, vidole vimekoma," alisema. "Lete hiyo nundu." Kabla ya jua kuzama shati lilikuwa tayari, na shingo yake ilikuwa pana.

Kesho yake mtoto alimwagiwa vijiko arobaini vya maji, huku wanawake wakihesabu kwa sauti. Burulai alikaa karibu na mlango kama kawaida. Bibi Sayrakan akamwita aje amvalishe mwenyewe. Wakampisha njia. Aliingiza mkono mmoja mdogo, kisha wa pili, na kichwa kikapita bila shida. Mtoto akapiga chafya, wote wakacheka, na Meerim akacheka na kulia kwa pamoja.

Uani, Gulzat, mkaza mwana wa Anarkul, alimvuta Burulai pembeni, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba.

"Dada, shati la wangu nitakushonesha wewe. Utakubali?"

Burulai alimwangalia Anarkul, mama wa tisa, ambaye alikuwa anatafuna andazi na kutazama kwingine kwa makusudi.

"Nitakubali," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, naye hakuyafuta. Ndani, Bibi Sayrakan alikuwa anamwambia kila anayeingia kwamba lango alilichagua mwenyewe. Burulai alimshukuru Mungu, akamwomba ampe bibi huyo maisha marefu, na macho yale yale.